Vita Kuu ya Pili haikuanzia Poland, ilipitia Uhabeshi kwanza: uzi kuhusu ufashisti

#1 – Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Kila Septemba ikifika naona watu wanakumbushana kwamba vita ilianza tarehe 1 Septemba 1939, Hitler alipoivamia Poland. Shuleni tuliandika hivyo na mwalimu akaweka vema. Tarehe siibishii. Ninachobishia ni picha inayobaki kichwani: kwamba palikuwa na kichaa mmoja Berlin, akaamka asubuhi akaiwasha dunia moto, na wengine wote walikuwa wamelala tu majumbani kwao.

Hoja yangu naiweka mezani mapema msije mkasema nimewazungusha. Wafashisti hawakupora dola. Walikabidhiwa na wakubwa waliodhani watawatumia kisha wawaweke pembeni. Halafu miaka ya 1930 mataifa makubwa yakafanya biashara ileile na Mussolini, kiongozi wa wafashisti wa Italia, na kilichowekwa rehani ni nchi ya Kiafrika, jirani yetu kabisa: Uhabeshi, yaani Ethiopia ya leo. Bila kuielewa 1935, hiyo 1939 utaikariri tu.

Uzi ni mrefu, nitaumwaga kwa vipande. Mwenye haraka apite salama.

#2 – Mleta uzi

Benito Mussolini alikuwa msoshalisti, tena si wa kubahatisha: mhariri wa Avanti!, gazeti la chama chenyewe. 1914 akaanza kupigia debe Italia iingie vitani, chama kikamfukuza. Tarehe 23 Machi 1919 akakusanya watu Milano, kwenye ukumbi mmoja uwanja wa San Sepolcro, akaanzisha kundi la wafashisti. Askari waliorudi kutoka vitani wakakuta hakuna kazi, vijana wenye hasira, waandishi, wababe wa mtaani. Novemba mwaka huohuo akagombea ubunge, akaangukia pua. Hakupata hata kiti kimoja. Wasoshalisti walimfanyia mazishi ya bandia, wakapitisha jeneza barabarani.

Sasa mtu aliyezikwa kwa kejeli Novemba 1919 anakuwaje waziri mkuu Oktoba 1922? Hapo ndipo penye somo.

1920 Italia ilikuwa imechafuka. Septemba wafanyakazi waliviteka viwanda vya kaskazini na kuviendesha wenyewe. Mashambani, bonde la mto Po, vyama vya vibarua vilikuwa na nguvu kiasi kwamba mwenye shamba haajiri mtu bila kupitia kwao. Mabwanyenye wakaingiwa na hofu, na mwenye hofu na hela hutafuta mabaunsa. Wakawapata Mashati Meusi, wanamgambo wa Mussolini. Walikuwa wanapakiwa kwenye malori usiku, wanaenda kijiji fulani, wanachoma ofisi ya chama cha vibarua, wanamtoa kiongozi wake kitandani mbele ya mkewe na watoto. Wengine waliuawa. Wengine walibanwa mdomo wakanyweshwa mafuta ya mbarika nusu chupa au zaidi, kisha wakaachwa njiani wajiharishie mbele za watu. Nalitaja hili makusudi, maana wengi wanadhani ufashisti ni hotuba za kwenye roshani. Ulianza kwa kumdhalilisha mtu mbele ya majirani zake.

Na polisi? Walikuwa wanaangalia pembeni. Sehemu nyingine waliazima malori.

1921 mzee Giovanni Giolitti, mwanasiasa mzoefu kuliko wote Italia, akawaingiza wafashisti kwenye orodha yake ya uchaguzi. Hesabu yake: wakikaa bungeni watapoa. Wakapata viti 35, hawakupoa.

#3 – Mleta uzi

Hayo Maandamano ya Roma ya Oktoba 1922 yamepambwa sana. Ukweli ni kwamba walikuwa watu wamelowa mvua, wengi hawana silaha za maana, wamekwama vituo vya treni nje ya mji. Jeshi lililokuwa Roma lingewatawanya kabla ya chakula cha mchana. Waziri mkuu Luigi Facta aliandaa amri ya hali ya hatari, akampelekea mfalme Victor Emmanuel III asubuhi ya tarehe 28. Mfalme akagoma kusaini.

Mussolini wakati huo hakuwa hata kwenye maandamano. Alikuwa Milano, karibu na mpaka wa Uswisi, anasubiri simu. Alipoitwa akapanda treni ya usiku, behewa la kulala, akashuka Roma tarehe 30 akiwa waziri mkuu wa miaka 39. Hayo ndiyo mapinduzi yenyewe.

Baraza lake la kwanza wafashisti walikuwa wachache. Wakubwa wakapumua, wakaona jamaa amezungukwa. 1923 bunge likapitisha Sheria ya Acerbo: orodha itakayoongoza, mradi imepata robo ya kura, inachukua theluthi mbili ya viti. Bunge limejinyonga kwa kamba liliyoisokota lenyewe, na walioinua mikono wengi hawakuwa wafashisti.

Tarehe 30 Mei 1924 mbunge mmoja, Giacomo Matteotti, akasimama bungeni akasoma orodha: fujo hapa, kura zimeibwa pale, mgombea kapigwa kule. Walimzomea, akaendelea hadi mwisho. Tarehe 10 Juni akatekwa mchana karibu na nyumbani kwake, kando ya mto Tiber, akaingizwa kwenye gari. Mwili ulionekana Agosti. Nchi ilitikisika kweli, hata wafashisti wengine walianza kuvua beji. Wapinzani wakatoka bungeni kwa kususa, wakitegemea mfalme atachukua hatua. Mfalme hakuchukua. Tarehe 3 Januari 1925 Mussolini akaingia bungeni akasema yote yaliyotokea anabeba yeye, mwenye ubavu amshtaki. Hakuna aliyeinuka. Mwaka uliofuata vyama vyote vya upinzani vikapigwa marufuku.

#4 – Mdau, Mwanza

Mkuu shusha nondo, ila tuwe wakweli. Jamaa alifanya kazi. Inasemekana treni zilifika kwa wakati, mabwawa yakakaushwa, barabara zikajengwa. Hitler naye aliwapa Wajerumani ajira. Afrika tunapiga kelele za demokrasia huku maji hayatoki bombani. Dikteta mwenye maendeleo mimi namchukua.

#5 – Mleta uzi

@Mwanza, swali lako lina haki ya kujibiwa, usikimbie lakini.

Kwa nani alifanya kazi? Vyama huru vya wafanyakazi vilifutwa, kugoma kukawa kosa la jinai, na mishahara ilikatwa kwa amri ya serikali 1927, ikakatwa tena 1930. Mwenye kiwanda alifurahi, hilo sikatai.

Za Hitler zilikuwa ajira za kiwanda cha silaha. Serikali ilikopa kwa hati za siri ili kujenga jeshi, fedha za kigeni zikakauka, malighafi zikawa za kuungaunga. Ukishaujenga uchumi wako wote juu ya mizinga, njia zinabaki mbili: upunguze mwendo ukubali aibu, au ukachukue cha jirani. Machi 1938 wakaichukua Austria pamoja na dhahabu ya benki kuu yake. Machi 1939 wakamalizia nchi ya Wacheki, na viwanda vya silaha vya Škoda vikawa vyao. Kwa hiyo ukiniuliza uhusiano wa ufashisti na vita, si suala la hasira za mtu. Vita ilikuwa ndani ya bajeti. Mussolini ndiye kabisa, alihubiri waziwazi kwamba amani ya kudumu inamharibu mwanaume.

Hayo maendeleo unayoyataka, nenda kaangalie Berlin ilivyokuwa Mei 1945.

#6 – Mdau, Dodoma

Naomba kuchangia kidogo kaka. Mbona hujagusa Mkataba wa Versailles, ule uliofunga Vita ya Kwanza? Tulifundishwa Wajerumani walionewa, wakatozwa fidia, wakapokonywa makoloni ikiwemo Tanganyika yetu, ndipo Hitler akapata mtaji.

#7 – Mleta uzi

Dada, Versailles ni kweli, ila haitoshi. Italia ilikuwa upande wa washindi! Ilipoteza askari wapatao 600,000 na bado ikakaa meza moja na Uingereza na Ufaransa, na ndiyo iliyozaa ufashisti wa kwanza. Kilichouza si kushindwa, ni kuwaambia watu kila siku kwamba wameibiwa ushindi.

Na angalia namba za Ujerumani. Uchaguzi wa 1928, miaka tisa baada ya Versailles, Wanazi, chama cha Hitler, walipata asilimia 2.6 na viti 12. Mkataba ni uleule. Kilichobadilika ni mdororo wa uchumi: kufika mwanzoni mwa 1932 wasio na kazi walikuwa kama milioni 6. Septemba 1930 wakapata viti 107. Julai 1932 wakafika asilimia 37.3.

Hapa watu wengi hupaacha: Novemba 1932 walishuka hadi 33.1. Walikuwa wanapoteza, na mfuko wa chama umetoboka. Ndipo Franz von Papen, kansela wa zamani, akaenda kumshawishi rais Hindenburg, mzee wa miaka 85, amteue Hitler kuwa kansela, yaani mkuu wa serikali, akiamini yeye Papen akiwa makamu atamshika mkia. Barazani waliingia Wanazi watatu tu, Hitler mwenyewe, Frick na Göring. Hiyo ni tarehe 30 Januari 1933. Tarehe 27 Februari bunge likaungua moto, kesho yake haki za raia zikasimamishwa kwa amri ya rais, na tarehe 23 Machi bunge likapiga kura 444 kwa 94 kumpa Hitler uwezo wa kutunga sheria peke yake. Wakomunisti walikuwa jela au mafichoni. Waliosema hapana ni wasoshalisti pekee. Kufika Julai chama kimebaki kimoja.

Giolitti na Papen, wazee wawili wajanja, nchi mbili tofauti, hesabu moja.

#8 – Mleta uzi

Haya, twende Uhabeshi. Hapa ndipo ninapopataka.

1896 Waitaliano walipigwa Adwa na jeshi la Menelik, mfalme wa Uhabeshi, na kipigo kile kiliwauma miaka arobaini. Desemba 1934 Waitaliano na Wahabeshi wakarushiana risasi Wal Wal, kwenye visima vya maji jangwani, ndani ya Uhabeshi kabisa. Uhabeshi ilikuwa mwanachama wa Shirikisho la Mataifa (lililotangulia Umoja wa Mataifa) tangu 1923, kwa hiyo ikapeleka kesi makao yake Geneva kama mtu mwenye adabu zake. Geneva wakaunda kamati. Mussolini akawa anapitisha meli za askari Mfereji wa Suez, analipa ushuru kama mfanyabiashara mwingine yeyote. Tarehe 3 Oktoba 1935 wakavuka mpaka bila kutangaza vita.

Shirikisho likaitaja Italia kuwa mchokozi na likaweka vikwazo. Sasa tazama vikwazo vyenyewe: silaha, mikopo, bidhaa kadhaa. Mafuta hayamo. Suez haikufungwa. Yaani umemzuia mwizi asinunue viatu lakini petroli ya pikipiki unamjazia. Sababu? Uingereza na Ufaransa walikuwa wanamhitaji Mussolini dhidi ya Hitler. Aprili 1935 walikutana naye Stresa na kuahidiana kuidhibiti Ujerumani. Tena si hofu ya bure, maana Julai 1934 Wanazi walipomuua kansela wa Austria, Engelbert Dollfuss, ni Mussolini aliyesogeza majeshi mpaka wa Brenner, Hitler akanywea.

Desemba 1935 ikavuja kwamba mawaziri wa mambo ya nje wa Uingereza na Ufaransa, Samuel Hoare na Pierre Laval, wamepanga kwa siri kumgawia Mussolini sehemu kubwa ya Uhabeshi ili anyamaze. Hoare akajiuzulu kwa aibu, lakini ujumbe ulikuwa umeshafika kwa wanaohusika.

Mwezi huohuo ndege zikaanza kumwaga gesi ya haradali, ambayo Italia ilikuwa imetia saini Geneva 1925 kwamba haitaitumia. Gesi hii si moshi unaoukimbia. Ni kama mafuta, inanyunyizwa kutoka juu, inakaa kwenye majani na kwenye mito. Askari anayetembea peku anakanyaga nyasi asubuhi, jioni miguu imevimba malengelenge. Mama anachota maji, ng'ombe wanakunywa bwawani. Desemba hiyohiyo hospitali ya Msalaba Mwekundu wa Sweden ikapigwa mabomu. Maychew, tarehe 31 Machi 1936, jeshi la mfalme Haile Selassie likavunjika. Tarehe 5 Mei Addis Ababa ikaingiwa.

Tarehe 30 Juni Haile Selassie akasimama Geneva. Waandishi wa Kiitaliano wakampigia miluzi mpaka wakatolewa nje. Akasoma hotuba yake kwa Kiamhari, akaeleza gesi ilivyomwagwa, akauliza anarudi na jibu gani kwa watu wake. Siku chache baadaye vikwazo vikaondolewa. Neville Chamberlain, wakati huo waziri wa fedha wa Uingereza, alikuwa ameshatamka mapema mwezi huo kwamba kuendelea navyo ni wendawazimu. Ndiyo, ni Chamberlain yuleyule aliyekuja kukubaliana na Hitler kule Munich 1938.

Unganisha tarehe uone. Januari 1936, Italia ikiwa imetengwa na inahitaji rafiki, Mussolini anamwambia balozi wa Ujerumani kwamba Austria ikiangukia mikononi mwao yeye hana shida. Machi 7, macho yote yako Uhabeshi, Hitler anaingiza jeshi Rhineland, eneo alilokatazwa na mkataba, na hakuna anayemgusa. Julai wote wawili wanaingia Hispania kumbeba Franco, jenerali aliyeasi serikali. Oktoba unazaliwa mhimili wa Roma na Berlin. Machi 1938 Hitler anaimeza Austria, Brenner kimya, na anamtumia Mussolini salamu kwa simu kwamba hatamsahau kamwe. Septemba 1938 Munich, Wacheki wanakatwa kipande bila kuwepo mezani, kama Uhabeshi ilivyotaka kukatwa na Hoare na Laval. Poland ni kituo cha mwisho cha safari hiyo.

Walimtoa Mhabeshi sadaka ili wampate Mussolini wa kumzuia Hitler. Wakakosa vyote.

#9 – Mdau, Nakuru

Heko ndugu. Wakenya tunapita pale Mai Mahiu tukishuka bonde, tunapiga picha kale kakanisa kadogo kando ya barabara, wengi hawajui kalijengwa 1942 na mateka wa Kiitaliano waliokuwa wakichonga barabara. Nyeri nako kuna kanisa lao lenye mifupa ya mamia ya wanajeshi wao, na Duke wa Aosta, mkuu wao Afrika Mashariki, amelala humo. Alijisalimisha Amba Alagi Mei 1941, akafia Nairobi 1942 akiwa mateka.

Ongeza hii: 1940 waliiteka Moyale, na ndege zao zikaangusha mabomu Malindi. Malindi hiyohiyo ambayo leo beach boy anakuita ciao.

Swali langu, mbona KAR (King's African Rifles, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza) hawatajwi?

#10 – Mleta uzi

Asante sana mkuu, Malindi umenifurahisha.

Italia iliingia vitani rasmi tarehe 10 Juni 1940. Mwanzoni mwa 1941 jeshi la Uingereza la Jenerali Cunningham likatoka Kenya: Waafrika Kusini, brigedi za Gold Coast na Nigeria, na vikosi vya KAR vyenye vijana wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland. Kismayu Februari 14, Mogadishu Februari 25, Addis Ababa Aprili 6. Upande wa magharibi Force Publique, jeshi la kikoloni la Kongo ya Wabelgiji, nalo liliingia Uhabeshi, na mji wa Saïo ukaanguka mikononi mwao Julai. Haile Selassie alirudi mjini kwake tarehe 5 Mei 1941, miaka mitano kamili tangu Waitaliano waingie. Na msisahau wapiganaji wa Kihabeshi wenyewe, ambao hawakuacha msitu miaka yote mitano. Bila wao Cunningham angetembea polepole sana.

Halafu KAR haohao wakapakiwa kwenda Madagaska, wengine Burma. Walipigana kuikomboa nchi ya Mwafrika wakarudi nyumbani kwenye kipande shingoni. Jomo Kenyatta, akiwa London, alikuwa akipiga kelele za Uhabeshi tangu 1935 pamoja na wanaharakati C.L.R. James na Amy Ashwood Garvey, kabla wengi hawajajua kuna vita inakuja.

#11 – Mdau, Hamburg

Nipo huku Ujerumani, niongeze moja. Kuna mtoto wa Dar es Salaam, Bayume Mohamed Husen, aliyezaliwa 1904. Alikuwa askari wa Wajerumani akiwa mtoto kwenye Vita ya Kwanza. Akaja Berlin 1929 kudai malimbikizo ya mishahara, wakamzungusha. Akabaki, akafanya kazi ya kuhudumu mezani, akafundisha Kiswahili chuo kikuu, akaoa Mjerumani. Wanazi walipoingia akaomba medali ya waliopigana mstari wa mbele, akanyimwa. Akaigiza kwenye sinema zao, hadi ile ya kumtukuza Carl Peters, yule Mkono wa Damu wetu. 1941 akakamatwa kwa kosa la kuwa na uhusiano na mwanamke mweupe, akapelekwa kambi ya Sachsenhausen bila kesi. Alifia humo Novemba 1944. Berlin kuna kibao kidogo cha shaba chini barabarani chenye jina lake.

Kwa hiyo wale wanaosema ufashisti ni ugomvi wa wazungu kwa wazungu, mtu wa Dar alikufa nao.

#12 – Mdau, Mwanza

Duh. Hiyo ya Husen sikuwahi kuisikia popote.

Lakini mleta uzi, mbona unaanzia 1935? Japani iliingia Manchuria 1931 na Shirikisho likakunja mikono vilevile.

#13 – Mleta uzi

Ni kweli, na Japani ilitoka kwenye Shirikisho 1933. Hata hivyo ilikuwa mbali na Ulaya, kila mtu akajifariji kwa umbali. Wasomi hata leo wanavutana kama Japani ile iitwe ya kifashisti au utawala wa majeshi tu, mimi sina haja ya kuingia huko. Uhabeshi ni tofauti kwa kuwa njia ya meli ilikuwa mikononi mwa Uingereza. Kufunga Suez kulihitaji amri moja.

#14 – Mdau, Dodoma

La mwisho kaka. Kwa ile gesi, nani alishtakiwa?

#15 – Mleta uzi

Hakuna.

Mahakama ya Nuremberg ilikuwa ya Wajerumani, ya Tokyo ya Wajapani. Kwa Waitaliano haikuundwa mahakama ya namna hiyo. Uhabeshi iliwataka Badoglio na Graziani, majenerali walioongoza vita ile, haikupewa. Badoglio alishabadili upande 1943 na kuwa waziri mkuu aliyekubalika kwa Washirika. Rodolfo Graziani ndiye aliyekuwa mkuu wa Addis Ababa Februari 1937, siku yeye na wenzake waliporushiwa maguruneti, kisha Mashati Meusi wakamwagwa mitaani siku tatu kuua watu na kuchoma nyumba na wenyewe ndani. Wahabeshi wanasema walikufa 30,000. Mei mwaka huohuo akaagiza watawa wa Debre Libanos wapigwe risasi. Mahakama ya Italia ilimhukumu miaka 19 mwaka 1950, lakini kwa kosa la kushirikiana na Wajerumani, na akatoka baada ya miezi michache. 2012 mji wa Affile ulimjengea mnara.

Mkataba wa Paris wa 1947 uliiamuru Italia ilipe Uhabeshi dola milioni 25 na irudishe vilivyoporwa ndani ya miezi 18. Mnara wa Axum, uliobebwa vipande vipande 1937 ukasimikwa Roma, ulirudi 2005.